Naibu wa Kofia

Mtu akiniuliza leo kazi ya Naibu Waziri Mkuu ni nini, nitamwambia akaulize kwingine. Mimi nilikuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka mzima, hapa Nakuru, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na sikuijua kazi hiyo mpaka siku iliponiponyoka mkononi. Hata siku hiyo aliyenieleza alikuwa mzungu, kwa upole, huku akifunga kalamu yake. Upole ule unanikera mpaka leo.

Usicheke. Haikuwa serikali ya kweli. Serikali ya kweli ilikuwa ya wazungu, Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na sisi watu wa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, tulikuwa tukidaiwa karatasi kila kona. Lakini tulikuwa na afisa wa maslahi, Mwafrika mwenzetu, aliyepelekwa Uingereza miezi sita akarudi na wazo. Alitaka tuwe na bunge la mazoezi pale ukumbini, kila Jumamosi saa nane mchana, ili siku uhuru ukifika usitukute tumekodoa macho. Akaomba kibali, akapewa. Benchi za kulia zikawa za serikali, za kushoto za upinzani, na yeye mwenyewe akawa Spika, amejitanda shali jeusi la mkewe mabegani badala ya joho. Nilimpenda kwa lile shali. Hakuona haya hata kidogo.

Waziri Mkuu tulimchagua gadi wa treni, bwana mmoja mrefu mwenye sauti ya kusikika mabehewa kumi nyuma. Halafu mtu akakumbuka kwamba lazima kuwe na naibu. Mwingine akasema, na wanawake je? Macho yote yakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Darasa la Pili, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa na mwandiko mzuri. Hiyo ndiyo sababu waliyoitaja, kwa sauti, mbele yangu. Mwandiko!

Sasa fikiria mwenyewe. Umemchagua gadi wa treni awe Waziri Mkuu. Gadi wa treni hakai mahali. Leo yuko Kisumu, kesho yuko njiani kwenda Eldoret, Jumamosi Mungu ndiye anayejua. Katika Jumamosi nne alikuwa akikosa tatu. Mtu mwenye akili timamu angesema, haya basi, ndiyo maana tuna naibu. Wapi!

Jumamosi ya kwanza aliyokosa, kiongozi wa upinzani alisimama. Huyu alikuwa fundi wa cherehani, mtu mdogo mwenye ulimi mkali, na pini hazikumtoka kwenye kola hata siku za bunge. Akasema kiti ni kitupu, kwa hiyo serikali imeanguka, sisi tuhame tuwapishe wao. Nikasimama nijibu kwamba naibu yupo. Kabla sijafungua kinywa, mbunge mmoja wa upande wetu, mpishi katika nyumba ya mzungu, alichomoka mbio hadi chumbani kwa gadi, akarudi na kofia yake ya zamani ya reli, akaiweka juu ya kile kiti. Akasema, "Mwenyewe yupo."

Na ukumbi mzima ukaigeukia kofia. Wakakubali! Hata fundi akaketi.

Ili uelewe, lazima nikwambie habari ya bomba. Lokesheni nzima tulikuwa na mabomba mawili ya maji, na foleni yake ilianza kukiwa bado na giza. Hakuna mama anayeweza kusimama pale kwa muda wa saa tatu na watoto wanamlilia nyumbani. Kwa hiyo unaliweka debe lako kwenye foleni, unakwenda zako kupika uji. Debe likiwa kwenye foleni, wewe uko kwenye foleni. Ukilisogeza debe la mtu, wanawake watakuvaa mpaka ujute kuzaliwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote na kila mtu aliiheshimu, kuanzia mama wa mtoto mchanga mpaka askari. Basi watu wale wale, waliozoea debe asubuhi, walipoona kofia mchana hawakuhitaji maelezo. Spika, ambaye alikuwa ameliona bunge lenyewe kwa macho yake kule London, alijikuna kichwa, akafungua kijitabu chake, akakifunga, akasema, "Tuendelee."

Tangu siku hiyo nikawa naibu wa kofia. Sitii chumvi. Wabunge walikuwa wakisimama wanaiambia kofia, "Namuuliza Mheshimiwa Waziri Mkuu, choo cha upande wa soko kitazibuliwa lini?" na mimi niliyeketi kando yake naandika swali kwa ule mwandiko wangu mzuri, ili mwenyewe akirudi nimpe. Choo chenyewe nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimeshakwenda ofisi ya usafi kwa miguu yangu, nikaambiwa kitazibuliwa Alhamisi. Nikijaribu kusimama nijibu, benchi zote mbili zinanguruma pamoja, "Naibu, keti! Mwenyewe yupo!" Jambo pekee lililowaunganisha serikali na upinzani mwaka ule lilikuwa kunikalisha mimi.

Na chai nilipika mimi. Hakuna aliyeniamuru, ila kila ilipofika saa kumi walikuwa wakinitazama tu.

Gadi mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Akirudi alikuwa anacheka, anasema, "Mwalimu, umeniwekea kiti changu vizuri," na ananiletea kabichi kutoka Molo. Nilimwambia mara mbili, "Bwana, ukiondoka niachie neno. Sema mbele yao kwamba usipokuwepo nasema mimi." Akanijibu, "Ah, hilo linajulikana, mwalimu." Linajulikana na nani? Nilitamani kumtupia kabichi yake.

Ningeweza kuvumilia hayo yote, maana yalikuwa mchezo. Lakini nilikuwa na mdogo wangu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tulikaa pamoja katika chumba changu kimoja. Mama yetu alikuwa kibarua kwenye shamba la setla upande wa Molo, akichuma pareto, na baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilimtoa mdogo wangu kule shambani akiwa na miaka minane, nikamleta shule ya lokesheni. Mwaka ule alimaliza Darasa la Nne, akafanya mtihani, akawashinda wote isipokuwa wavulana wawili. Wale wavulana wawili walikuwa na Darasa la Tano la kwenda. Yeye hakuwa nalo. Kwa wasichana wa lokesheni yetu Darasa la Tano halikuwepo, na shule za bweni za misheni zilikuwa zimejaa mpaka veranda. Na mtoto mkubwa asiyesoma hakuruhusiwa kukaa lokesheni. Mkaguzi angemkuta tu, angetupa siku saba tumwondoe. Kwa hiyo ilikuwa ama Darasa la Tano, ama pareto. Hakukuwa na njia ya katikati.

Kisha tukasikia kwamba Idara ya Elimu ina darasa moja la wasichana la kutoa, Darasa la Tano, mwaka unaokuja. Moja tu. Miji miwili ilikuwa inalitaka, sisi na wengine kule chini bondeni. Bwana wa Elimu alikuwa anapita kote kuwili kusikiliza, na orodha yake ingefungwa Jumamosi ile ile atakayokuja kwetu. Afisa wa maslahi alimwomba aje asikilize hoja hiyo katika bunge letu, aone jinsi Waafrika wanavyojadiliana kwa utaratibu. Mzungu akapendezwa, akakubali. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mkubwa wetu mmoja asimame aseme kwa niaba ya lokesheni nzima, yaani asiletewe kelele.

Nikaandika hotuba. Kurasa nne. Niliweka idadi ya wasichana wetu, chumba kilicho tayari shuleni, mwalimu aliye tayari, vyote. Mdogo wangu ndiye aliyenishikia taa, akanisahihishia mahali nilipoandika haraka, na alipomaliza kuisoma akasema, "Dada, hapa hawawezi kukataa." Nikampa gadi. Akaisoma pale pale, akapiga paja lake, akasema, "Mwalimu, hii niachie mimi. Jumamosi utaona!" Akaikunja akaitia mfukoni ili ajizoeze safarini. Nikamwambia, "Isome, halafu uniachie." Akasema, "Ah! Si nitakuwepo?"

Jumamosi saa sita karani wa stesheni alikuja shuleni. Behewa la treni ya mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele ya Molo, njia imefungwa, wafanyakazi wote wako huko huko. "Gadi hatafika leo," akasema. Nikamwuliza, "Hakusema lingine?" Karani akanitazama kama mtu anayeulizwa habari za mwezini. "Amesema hatafika."

Sikuogopa. Wallahi sikuogopa! Hotuba ilikuwa mfukoni mwa mtu Molo, lakini aliyeiandika ni mimi, na nilikuwa nayo kichwani yote, mpaka vituo. Nilivaa gauni langu la buluu la kanisani. Mdogo wangu akaja nyuma yangu, akasimama nje kwenye dirisha pamoja na wenzake, maana watoto walikuwa hawaruhusiwi kuingia.

Nilipofika ukumbini, kofia ilikuwa tayari kitini. Mpishi alikuwa ameipangusa vumbi kwa heshima ya mgeni.

Bwana wa Elimu aliwekwa kiti mbele, kando ya Spika. Alikuwa mzungu mwembamba mwenye Kiswahili kizuri tu, na alifungua daftari, akatoa kalamu. Spika akaita hoja. Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri Mkuu..."

"Utaratibu!" Fundi huyo, na pini zake.

Akasema anataka ufafanuzi. Kama Waziri Mkuu hayupo, serikali imeanguka na hoja imekufa. Kama Waziri Mkuu yupo, kama kofia inavyoonyesha, basi naibu hana haki ya kusema mbele yake. Nikasema, "Bwana, leo tuache haya, kuna mgeni." Akajibu kwamba hasa kwa sababu kuna mgeni, ni lazima tufuate utaratibu, tusije tukaonekana watu wa ovyo. Huyu fundi, nikuambie, alikuwa na mabinti watatu! Wa kwanza alikuwa Darasa la Tatu! Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ana akili au ana uzi tu kichwani?

Upande wangu sasa wakasimama kumjibu, nikadhani nimepata watetezi. Ala! Walisimama kuitetea kofia. Mpishi akasema Waziri Mkuu yupo kabisa, na aibu kwa wanaosema hayupo. Mwingine akauliza, ikiwa kofia ni yake ya zamani na ile mpya iko Molo, je, yuko wapi hasa? Hapo ukumbi ukawaka. Mzee mmoja akaeleza kwa kirefu habari ya debe la mtu lililotoboka, kama linashika zamu au halishiki. Spika anagonga meza kwa rungu, shali limemteleza upande mmoja, hakuna anayesikia. Nilisimama wakati wote huo. Miguu iliniuma, na nilijisikia kulia kwa hasira. Dirishani niliona nusu ya uso wa mdogo wangu, macho tu na paji la uso.

Ilipita karibu saa nzima hivyo. Bwana wa Elimu akatazama saa yake, akainua mkono, na wote wakanyamaza palepale. Watu ambao Spika wao alishindwa kuwanyamazisha kwa rungu!

Akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, nataka kuelewa jambo moja tu. Waziri Mkuu wako amekuachia neno, useme mahali pake?"

Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa. Hakuuliza kwa hila. Sasa najua alikuwa ananifungulia mlango, amechoka, anataka kuandika aende. Neno moja lilitosha. Na gadi hakuwa amenikataza. Hakuwa amesema lolote, huku wala kule.

Nikasema, "Hapana, bwana. Hakuniachia."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi siwezi kuandika," akasema. "Kwetu pia ni hivyo. Watu hudhani naibu ni mkubwa wa pili. Siyo. Naibu hana nguvu zake mwenyewe, ana zile alizopewa tu, na mkubwa asipompa, yeye ni mbunge kama wengine." Akafunga kalamu. "Umesema kweli, na hilo ni jambo zuri." Akasimama, akampa Spika mkono, akatoka. Gari lake lilipoanza kunguruma nje, fundi alikuwa bado ameinua kidole, anangoja zamu yake ya kusema.

Nilirudi nyumbani sijui kwa njia ipi. Mdogo wangu alikuwa amefika kabla yangu, ameinjika maji ya ugali. Hakuniuliza kitu, na mimi nikashukuru kwamba hakuniuliza.

Jumapili jioni gadi akaja, amechoka, uso umejaa masizi. Alikuwa ameshapata habari. Alisimama mlangoni akashika kichwa. "Mwalimu! Si ungesema tu kwamba nimekuruhusu? Mimi ningekataa? Nani angejua?"

Hapo nilimwaga yote. Nilimwambia nilimwomba mara mbili. Nilimwambia kabichi zake zote za mwaka mzima hazitoshi neno moja ambalo angeliacha mbele ya watu. Nilimwambia bunge lake ni foleni ya madebe matupu. Majirani walitoka. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kweli, mwalimu. Kweli kabisa." Jumatatu asubuhi alikwenda ofisi ya Elimu na zile kurasa zangu nne mkononi, amevaa kofia yake mpya. Akaambiwa orodha ilifungwa Jumamosi, darasa limekwenda kwa wale wa bondeni. Wao waliandika barua tu, wakaitia sahihi watu kumi na wawili. Hawakuwa na bunge.

Jumamosi iliyofuata hoja ya kwanza kwenye ajenda ilikuwa kofia. Sikwenda.

Shule zilipofungwa, Mama alishuka kutoka Molo kwa lori la viazi kumchukua mdogo wangu. Lori lilikuwa linarudi asubuhi na magunia matupu, na dereva alikubali kuwapakia. Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba setla anahesabu mikono, na kwamba msichana atajifunza pareto haraka kwa sababu vidole vyake ni vyepesi. Nilikuwa nimemfungia mdogo wangu vitabu vyake vya Darasa la Nne ndani ya leso, yeye akavitoa akaniachia mezani, akaniambia vitapata unyevu kule. Akatia leso yenyewe mfukoni.

Tukasimama kando ya lori. Mama alikuwa ameshapanda mbele. Dereva anapiga honi, anasema twende, baridi ya Molo haingojei mtu. Mdogo wangu akaweka mguu mmoja kwenye gurudumu apande nyuma, kisha akageuka.

"Dada," akasema, "yule mzungu alipokuuliza. Wakati ule ule. Ulinifikiria?"

Mtu wa misheni mimi. Msichana ambaye hakuweza kusema uongo mmoja mdogo mbele ya watu sitini na kofia. Na ukweli ni kwamba wakati ule ule, alipouliza, nilifikiria gauni langu, nilifikiria jinsi nilivyosimama wima kuliko wale wanaume wote waliokuwa wakipiga kelele, nikafikiria kwamba mzungu huyu ataona kuna mmoja humu anayeujua utaratibu. Dirisha sikulitazama.

"Ndiyo," nikamwambia, upesi, bila kupepesa. "Nilikufikiria wewe tu."

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akapanda.